Bluetooth, Mfalme wa Denmark na Redio ya Gari Langu

Wadau, leo tupige historia kidogo, maana nimechoka kugombana na redio ya gari peke yangu.

Jumamosi asubuhi mama kanipigia kutoka kijijini. Napokea: "Shikamoo mama." Kimya. Narudia. Kimya! Kumbe shemeji yenu kawasha gari uani, na simu yangu, niko nayo chumbani, imekimbilia kwenye redio. Mama anaeleza alivyoumwa usiku kucha, anayemsikia ni mkwewe.

Lawama hizi tumpelekee nani? Tuanzie mbali. Karne ya 10 Denmark ilikuwa na mfalme aitwaye Harald, jina la utani Blåtand, yaani Jino la Bluu. Huyu anasifiwa kwa kuziunganisha Denmark na Norwei chini ya utawala wake. Miaka kama elfu moja baadaye, mwaka 1994, wahandisi wa Ericsson kule Lund, Sweden, wakaanza kutafuta namna ya kuunganisha simu na vifaa vyake bila waya. Kampuni nyingine zikaingia, na mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel akapendekeza jina la yule mfalme, kwa kuwa na wao walitaka kuunganisha vifaa vya kampuni zisizoelewana. Hata ile alama unayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za huko, H na B, zimebebana.

Sasa sikiliza kinachotutesa. Simu na redio haziongei kwa njia moja tu. Maongezi yana njia yake, muziki una njia yake, na ya muziki ilikuja baadaye. Ndiyo maana gari la zamani linaweza kupokea simu vizuri kabisa, ila ukiweka wimbo, linakaa bubu. Tena redio hukumbuka simu chache tu. Zikijaa, mgeni hapokelewi. Na magari yetu mengi ni mitumba ya Japani: menyu zote Kijapani, stesheni zenyewe hadi ufunge kidude cha kuongeza masafa. Unabonyeza kwa kubahatisha, umefuta kila kitu!

Dawa ninayoijua ni hii. Futa simu za zamani kwenye redio, futa na gari kwenye simu, kisha uunganishe upya gari likiwa limesimama. Tafadhali, usifanye hivyo barabarani. Na kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima njia ya maongezi, ukaacha ya muziki peke yake.

Ila mfalme mwenyewe yalimshinda. Mtoto wake Svein alimwasi, akampindua. Aliunganisha nchi, nyumba ikamtoka. Sasa sisi tunashangaa nini redio ikitukana?

Tumalizie ya Jumamosi. Nilipofika uani mbio, nimekuta shemeji yenu kainamia usukani: "Pole mama, ni mimi mkweo. Jiandae, tunakuja kukupeleka hospitali." Wadau, hawa wawili walikuwa hawajasemeshana tangu Krismasi. Nikazima simu yangu taratibu, nikarudi ndani kutafuta viatu.

Mama anaendelea vizuri. Ile njia ya maongezi sijaizima mpaka leo.