RNA isiyobeba maelekezo

Lubumbashi masomo ya udaktari hutolewa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hukutana na jina "ARN non codant". Tukimwambia kwa Kiswahili kwamba hiyo ni RNA isiyo na kazi, tunampotosha. Ni kweli kwamba chini ya asilimia 2 tu ya jenomu ya binadamu ndiyo inayobeba maelekezo ya protini, na mwaka 1972 Susumu Ohno aliandika kwamba sehemu kubwa ya DNA yetu ni takataka. Lakini kansa ya tezi dume inatulazimisha kuwa waangalifu zaidi. RNA iitwayo PCA3, iliyoelezwa mwaka 1999, haizai protini, ila seli za kansa hiyo huitoa kwa wingi hata ikapimika katika mkojo. Marekani iliidhinisha kipimo chake mwaka 2012, kimsaidie daktari kuamua kama biopsi irudiwe. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba PCA3 hujishika na RNA ya jeni PRUNE2, inayozuia uvimbe, na kuipunguza. Kizuizi kikipungua, seli hukua.

Basi "ARN non codant" tuiite "RNA simamizi"? Hapana, maana si zote zinazosimamia jeni, na nyingine kazi yake haijathibitishwa. "Isiyounda protini" nayo haifai: RNA ya ribosomu haibebi maelekezo, lakini ndiyo hasa inayounganisha asidi amino kuwa protini! Napendekeza "RNA isiyobeba maelekezo ya protini". Ni refu, nakubali, lakini mgonjwa anayeelezwa kipimo chake anastahili jina la kweli.