Msimu wa Wiki Nane: Ratiba ya Big Ten Mwaka wa Korona

Jumatano ya Agosti 5, 2020, ligi ya Big Ten ya Marekani ilitangaza ratiba mpya: kila timu mechi 10, zote dhidi ya wenzao wa ligi hiyo hiyo, mpira uanze wikiendi ya kwanza ya Septemba. Jumanne ya Agosti 11 ratiba hiyo ikawekwa kando na msimu mzima wa vuli ukaahirishwa. Septemba 16 viongozi wale wale wakageuka na kusema mpira utachezwa. Marekani imeahirisha mashindano mengi katika historia yake, lakini ni mara chache mno ligi kubwa imefunga mlango kwa sauti kubwa hivyo, halafu ikaufungua baada ya wiki tano hivi.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu inaweza kuonekana jambo dogo la wanafunzi. Si dogo hata kidogo. Viwanja vya Michigan, Ohio State na Penn State, vyote vya Big Ten, kila kimoja kinachukua watu zaidi ya 100,000, na hujaa. Ligi yenyewe ilianzishwa Chicago mwaka 1896, na mwaka 2020 ilikuwa na vyuo 14 licha ya jina lake kumaanisha kumi. Fedha za televisheni na viingilio vya mchezo huu mmoja ndizo zinazobeba kuogelea, tenisi, mieleka na mazoezi ya viungo kwenye chuo kizima. Iowa, nao wa Big Ten, walipoona vuli inapita bila futiboli, walitangaza Agosti 21 kwamba wanafuta michezo minne, kuogelea kwa wanawake na wanaume kukiwemo. Wachezaji wa futiboli wenyewe wakati huo hawakulipwa mshahara. Walipata ada, malazi na chakula.

Kilichoiangusha ratiba ya kwanza ni moyo wa binadamu. Madaktari walikuwa wameanza kuona vijana wenye afya waliopona korona wakiwa na uvimbe kwenye misuli ya moyo, hali inayoweza kumuua mwanamichezo katikati ya mazoezi makali. Hakuna aliyeweza kusema hatari hiyo ni kubwa kiasi gani. Pamoja na hilo, vipimo vilivyokuwepo vilichukua siku nzima au zaidi kutoa majibu, na katika mchezo ambao watu 22 wanagongana vifua kila sekunde 40, majibu ya juzi hayamsaidii mtu. Agosti 8 ligi jirani ya Mid-American iliahirisha msimu wake, ya kwanza katika daraja la juu kufanya hivyo. Usiku wa Agosti 9 wachezaji maarufu wa ligi mbalimbali, akiwemo Trevor Lawrence wa Clemson na Justin Fields wa Ohio State, walisema kwa pamoja kwamba wanataka kucheza, wakadai kanuni moja ya afya kwa vyuo vyote na chama cha wachezaji. Siku mbili baadaye Big Ten na Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi, zikaahirisha. Ligi nyingine kubwa, SEC, ACC na Big 12, zikaendelea na maandalizi kana kwamba nchi ni mbili.

Mimi ni katika wanaoamini kwamba uamuzi wa Agosti 11 haukuwa wa aibu. Kwa yaliyojulikana siku ile, kusubiri kulikuwa na hoja nzito. Kosa lilikuwa ukimya uliofuata. Kevin Warren, kamishna aliyekuwa ameanza kazi Januari mwaka huo huo, alitangaza uamuzi bila kueleza wazi nani alipiga kura, ngapi kwa ngapi, na kwa ushahidi upi. Wazazi waliuliza, makocha waliuliza, hata baadhi ya vyuo wanachama vilisema hadharani kwamba havijaridhika. Nebraska walidokeza kuwa wako tayari kutafuta wapinzani nje ya ligi. Agosti 16 Fields alianzisha ombi la mtandaoni la kurejesha msimu, na saini zikapita 200,000 kwa muda mfupi. Agosti 19 Warren akaandika barua ya wazi akisema kura iliunga mkono kuahirisha kwa wingi mkubwa na kwamba suala hilo halitafunguliwa tena. Siku mbili baadaye wazazi wa wachezaji walisimama na mabango nje ya makao makuu ya ligi, Rosemont, Illinois. Warren alikuwa na jambo la kumuumiza zaidi kama mzazi, kwani mwanawe mwenyewe alikuwa kwenye kikosi cha Mississippi State, chuo cha SEC, ligi iliyokuwa ikijiandaa kucheza.

Hesabu ya kura ilipatikana mahakamani. Wachezaji wanane wa Nebraska waliishtaki ligi Agosti 27 katika kaunti ya Lancaster, na katika majibu yake ligi ikaeleza kwamba wakuu wa vyuo walipiga kura 11 kwa 3. Nebraska, Iowa na Ohio State ndizo zilizotaka kucheza. Ilikuwa namba ya kawaida tu, isiyo na siri yoyote ya taifa. Ingesemwa siku ya kwanza, nusu ya hasira ile isingekuwepo. Baadaye barua pepe zilizotolewa kwa sheria ya kupata habari zilionyesha baadhi ya wakuu hao wakizungumzia kuhamishia mijadala yao kwenye mtandao wa ndani wa ligi, mahali ambapo umma usingeifikia kwa urahisi. Vyuo vya umma vinavyolipiwa na wananchi havikupaswa kufika huko.

Wapo wanaosema siasa ndiyo iliyorudisha mpira. Mwaka ulikuwa wa uchaguzi, majimbo kadhaa ya Big Ten yalikuwa na ushindani mkali, na Rais Donald Trump alimpigia simu Warren Septemba 1. Presha hiyo ilikuwepo kweli. Lakini ukiangalia kilichobadilika mezani kati ya Agosti na Septemba, utakuta kimoja kikubwa: kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotoa majibu kwa dakika chache, kilianza kupatikana kwa wingi wa kutosha kumpima kila mchezaji kila siku. Jopo la madaktari, akiwemo Jim Borchers wa Ohio State, liliwapelekea wakuu wa vyuo mpango ulioandikwa kifungu kwa kifungu. Septemba 11 madaktari wa Ohio State walichapisha pia matokeo ya picha za moyo za wanamichezo 26 waliopona korona: wanne walikuwa na dalili za uvimbe, ingawa hakuna aliyehitaji kulazwa. Maana yake hofu ya Agosti ilikuwa ya kweli, na ingeweza kupimwa. Septemba 16 wakuu wote wakakubali kurudi uwanjani.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya wapanga ratiba. Jumapili ya Desemba 20 ilikuwa imeshawekwa kuwa siku ya kutaja timu nne zitakazowania ubingwa wa taifa, na tarehe hiyo haikuwangoja Big Ten. Ikabidi wahesabu kurudi nyuma. Fainali ya ligi Desemba 19. Kabla yake wikiendi nane mfululizo, kuanzia ile ya Oktoba 24 hadi ile ya Desemba 12, mechi nane. Timu zisizoingia fainali nazo zicheze mechi ya tisa wikiendi hiyo ya mwisho. Kati ya hapo hapakuwa na wikiendi hata moja ya kupumzika.

Mashabiki wa Ligi Kuu wanajua maana ya ratiba ya namna hiyo. Haina pa kuweka viporo. Mechi ikishindikana imeshindikana, haichezwi wala hakuna pointi za mezani. Inafutwa tu kwenye hesabu. Na kanuni za afya zilikuwa kali kuliko za ligi nyingine yoyote. Mchezaji akithibitika kuwa na virusi hakuruhusiwa kucheza mechi kabla ya siku 21 kupita, na lazima moyo wake uchunguzwe kwanza. Katika msimu wa wiki nane hiyo ni mechi tatu anazokosa mtu mmoja. Maambukizi ndani ya timu yakipita asilimia 5 kwa wastani wa siku saba, na ya watu wote wanaoizunguka timu yakipita asilimia 7.5, timu nzima inasimama kwa siku saba au zaidi.

Haikuchukua hata wiki moja. Ijumaa ya Oktoba 23 Wisconsin walifungua msimu nyumbani dhidi ya Illinois, kwenye uwanja usiokuwa na mashabiki. Kotabaki wao, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, alikuwa kijana Graham Mertz aliyeanza mechi kwa mara ya kwanza. Alirusha pasi 21 na 20 zikafika, tano kati ya hizo zikazaa tachidauni, yaani alama za kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Wisconsin walishinda 45-7. Siku chache baadaye Mertz akakutwa na virusi, kisha kocha Paul Chryst, kisha wengine. Mechi ya Nebraska Oktoba 31 ikafutwa, na ya Purdue wiki iliyofuata ikafutwa. Nebraska, waliokuwa wamepigania msimu kuliko yeyote, walitafuta mpinzani wa haraka kutoka Chattanooga, Tennessee, ili wikiendi isipotee. Ligi ikakataa: mechi za nje ya Big Ten hazikuruhusiwa.

Kiporo kimoja kiliokolewa. Wisconsin na Minnesota wamekutana kila mwaka tangu 1907, na mechi yao ya Novemba 28 ilipofutwa ilionekana mlolongo huo umekatika. Wapanga ratiba wakaitumia ile wikiendi ya mwisho kuwakutanisha Desemba 19. Wisconsin walishinda 20-17 katika muda wa nyongeza.

Ohio State na Michigan hawakubahatika. Hao ndio watani wa jadi wakubwa kuliko wote katika mchezo huu. Walikuwa hawajakutana kwa miaka kadhaa waliporudi kukabiliana Novemba 30, 1918 mjini Columbus, katika msimu uliovurugwa na homa ya mafua na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka ule Michigan walicheza mechi moja Oktoba 5, wakakaa zaidi ya mwezi bila kucheza, wakaja kumaliza msimu kwa mechi tano, wakishinda zote tano. Tangu siku ile ya Columbus mechi hiyo haikuwahi kukosekana mwaka hata mmoja. Rais Kennedy alipouawa Novemba 22, 1963, ilisogezwa wiki moja tu. Lililosimamisha mlolongo huo ni ugonjwa mwingine wa kuambukiza: Desemba 8, 2020 Michigan walisema hawana wachezaji wa kutosha walio salama, na mechi ya Desemba 12 ikafutwa.

Hapo ratiba ikaigeukia ligi yenyewe. Kanuni ilidai timu icheze angalau mechi sita ndipo istahili fainali. Ohio State walikuwa wamecheza tano na kushinda zote, kwa kuwa mechi zao na Maryland, Illinois na sasa Michigan zilifutwa. Kwa kanuni hiyo nafasi ilikuwa ya Indiana, waliopoteza mechi moja tu, dhidi ya Ohio State hao hao, 42-35. Desemba 9 ligi ikaiondoa kanuni ya mechi sita. Ohio State waliwafunga Northwestern 22-10 kwenye fainali ya Indianapolis, wakawachapa Clemson 49-28 katika nusu fainali ya taifa siku ya Mwaka Mpya, wakaenda kufungwa na Alabama 52-24 Januari 11, 2021. Uwanjani timu bora ndiyo iliyofuzu, sina ubishi na hilo. Lakini kanuni iliyowekwa na ligi yenyewe kisha ikafutwa Desemba kwa faida ya timu kubwa kuliko zote haikuwa haki kwa Indiana.

Pac-12 nao waligeuza uamuzi wao Septemba 24 na kuanza Novemba, wakiwa na nafasi finyu zaidi. UCLA na California walipangiwa kucheza Jumapili ya Novemba 15 wakiwa na taarifa ya siku mbili, baada ya wapinzani wa kila mmoja kushindwa kufika. Vyuo vingi vya daraja la pili vilisubiri hadi majira ya kuchipua, na bingwa wao, Sam Houston, alipatikana Mei 16, 2021.

Waliobeba mzigo wa ratiba hizi zote ni vijana wa miaka 18 hadi 23. Walipimwa puani kila siku kabla ya mazoezi, wakakaa mbali na wenzao chuoni, wakacheza mbele ya wazazi wao na viti vitupu ili mapato ya televisheni yasikatike. Walichopewa mwaka ule ni mwaka mmoja wa ziada wa kuruhusiwa kucheza chuoni. Malipo ya moja kwa moja kutoka vyuoni yaliruhusiwa Julai 1, 2025, kufuatia maridhiano ya kesi yaliyoidhinishwa na mahakama. Chama cha wachezaji kinachotambuliwa na ligi, ambacho Fields na Lawrence walikidai usiku ule wa Agosti 9, kinapaswa kuwepo kabla ratiba nyingine ya dharura haijapangwa juu ya miili yao.