Kiangazi Katika Vihamba vya Kilimanjaro

Watu wengi wakisikia habari za Kilimanjaro hudhani kwamba ni nchi isiyojua ukame. Huona migomba ya kijani, husikia maji yakivuma mabondeni, hutazama theluji kileleni, kisha husema, Wachaga wamependelewa na Mungu. Nasi hatuikatai baraka hiyo. Lakini mwenye kutaka kuijua historia ya mlima huu asiutazame wakati wa masika. Autazame wakati wa kiangazi. Maana ukavu ndio uliowafundisha watu wa mlima kutawala maji, kupatana na jirani, na kuweka akiba.

Kwa desturi mvua kubwa hunyesha tangu Machi hata Mei, na vuli huja mwishoni mwa mwaka. Katikati yake kuna ukavu mara mbili: ule wa baridi, tangu Juni hata Septemba, na ule wa jua kali, Januari na Februari. Tena mvua nyingi huanguka msituni, juu ya makao ya watu. Huku chini tambarare hupata kidogo tu. Nayo mito hupita ndani ya mabonde yenye kina kirefu, hata mtu mwenye shamba mgongoni mwa kilima husikia maji yakipita chini yake, wala hawezi kuyafikisha kwenye mazao yake. Hilo ndilo fumbo walilolikuta wazee.

Walilifumbua kwa mifongo, yaani mifereji ya kuchimba kwa mikono. Walikwenda juu kabisa, mahali mto ulipo karibu na usawa wa ardhi, wakaukinga kwa mawe, matawi na udongo, wakayaongoza maji pembeni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, mpaka yakatokea mgongoni mwa kilima, penye nyumba za watu. Palipokuwa na korongo walitandika magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi, maji yakavuka juu yake. Kipimo chao kilikuwa jicho na maji yenyewe. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema mwaka 1848, na Mwingereza Harry Johnston alikaa Moshi katika nchi ya Mangi Rindi mwaka 1884. Wageni wa siku zile waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi tangu zamani, wakastaajabu.

Lakini kuchimba si kazi kuu; kazi kuu ni kugawana. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na heshima yake, na mzee wake ndiye aliyesimamia zamu. Mmoja alipewa maji asubuhi, mwenzake mchana. Na ya usiku yalikusanywa katika bwawa, yakafunguliwa kulipokucha. Maji ya kunywa yalitekwa alfajiri, kabla mifugo haijayachafua. Baada ya masika, mafuriko yalipokuwa yamekwisha kubomoa kingo, watu wote waliotumia mfongo ule waliitwa kuutengeneza. Asiyekuja alitozwa faini, au alinyimwa maji. Na aliyeyaiba usiku kwa kuufungua mfereji wa jirani alishitakiwa mbele ya wazee. Wala tusidhani kwamba mashauri hayo yalikuwa machache! Kiangazi kikizidi, hata ndugu wa tumbo moja hugombana kwa ajili ya kijito chenye upana wa jembe. Ndiyo maana desturi hizi ziliwekwa. Zaidi ya kulinda maji, zililinda amani.

Kazi za nyumbani nazo zilizidi wakati huo. Katika kihamba ng'ombe hafugwi malishoni. Hufungwa zizini, akaletewa chakula, na samadi yake hurudishwa migombani. Basi majani yalipokauka karibu na nyumba, kina mama walishuka mpaka tambarare, wakakata majani, wakapanda mlima na mzigo mzito kichwani chini ya jua. Majani yalipokosekana kabisa, mgomba wenyewe ulikatwa ukawa chakula na maji ya ng'ombe. Huko chini ulezi ulipandwa wakati wa ukavu, ukanyweshwa kwa mifongo, maana bila ulezi hakuna mbege. Mchana mama alikuwa shambani au sokoni, akibadili ndizi kwa magadi au maharagwe. Jioni alikuwa mtoni. Tukiandika historia ya mlima huu tukawataja wamangi na vita vyao tu, tutakuwa tumewasahau walioubeba mlima vichwani.

Tena palikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote kwake. Alimpa mwingine amtunze mmoja, naye mtunzaji akapata maziwa na samadi, na baadaye fungu lake. Hivyo ugonjwa au njaa ikiingia boma moja, mali yote haikuangamia pamoja. Yusufu alipokuwa Misri aliweka nafaka ghalani kwa ajili ya miaka ya njaa. Wazee wetu waliweka akiba yao katika mazizi ya jirani.

Kisha likaja zao jipya. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi Kilema mwishoni mwa karne ya 19, walipanda mikahawa katika shamba la misioni. Mkahawa ulipatana na kihamba: hupenda kivuli cha migomba, hushiba samadi ileile, hunywa maji ya mfongo uleule. Baada ya Waingereza kuitwaa Moshi kwa Wadachi mwaka 1916, Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya, aliwahimiza watu kuupanda. Masetla wengi walichukizwa. Walisema kahawa ya Waafrika italeta wadudu na wezi. Ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, Waafrika walikuwa bado wamezuiliwa kulima kahawa hiyo. Basi mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wao, ili wailinde mikahawa na wadudu, na kuilinda haki yao ya kuipanda. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU.

Sisi twaona kwamba mtu aliyelelewa penye mfongo hakupata shida kufahamu maana ya ushirika. Alikwisha kujua kwamba kijito kidogo kikichukuliwa na mmoja hukauka njiani, bali kikiongozwa na wengi hufika.

Walakini kahawa ilileta kiangazi cha namna nyingine, nacho ni kiangazi cha bei. Kiangazi cha jua mkulima alikijua mwezi wake, na dawa yake alikuwa nayo. Hiki kiliamriwa mbali, katika masoko asiyoyaona. Baada ya mwaka 1929 bei zilianguka ulimwenguni kote, na mwaka 1937 palitokea ghasia mlimani. Watu waliona wanalazimishwa kuuza kwa chama kimoja kwa bei duni, na wengine wakabomoa maghala ya kahawa. Baada ya mwaka 1960 ukaja ugonjwa wa chule buni, unaoozesha matunda mabichi mtini. Kisha mwaka 1975, mwezi wa Julai, baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, na kahawa ikapanda bei kupita kiasi. Tazama ajabu hii: Wachaga hawakuongeza jasho hata tone moja, bali msiba wa mkulima wa Brazili uliwanufaisha wengine. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU haikurudi mpaka mwaka 1984. Hata mwaka 1989, mapatano ya nchi mbalimbali juu ya kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka tena, na watu wengi wakaiacha mikahawa izeeke. Wengine waliing'oa, wakapanda mboga na mahindi.

Shida nyingine ni ya ardhi. Kwa desturi mwana wa kwanza alipewa mahali pake, na wa mwisho alirithi boma la baba. Wa katikati walitafutiwa kihamba kipya. Siku za zamani nafasi ilikuwapo. Watu walipoongezeka, vihamba viligawanywa na kugawanywa tena, na vijana wengi wakashuka kutafuta kazi mijini. Nao walioondoka hawawezi kuja kutengeneza mfongo siku ya mwito. Hivyo mifongo mingi imeharibika, si kwa kukosa maji tu, bali kwa kukosa mikono.

Hapa twapenda kusahihisha neno moja. Wengi hudhani kwamba maji ya vihamba hutoka katika theluji. Ni kweli kwamba barafu ya kileleni imepungua mno. Tangu mwaka 1912 zaidi ya robo tatu yake imekwisha, na jambo hilo lahuzunisha. Lakini sehemu kubwa sana ya maji yetu hutoka katika msitu, unaopokea mvua na mawingu, ukayahifadhi, ukayatoa polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mtu akikata mti msituni hafungi mfereji wa jirani mmoja kama mwizi wa usiku. Huifunga mifongo yote kwa pamoja, tena kwa miaka mingi. Kurudisha theluji hatuwezi. Kuulinda msitu twaweza.

Basi, wasomaji wetu, mambo haya yatufundishe nini? Si kwamba zamani palikuwa pema pasipo shida. Njaa ilikuwapo, na ugomvi, na mizigo iliyopinda migongo ya mama zetu. Wala bomba la maji na kazi ya mjini si vitu vya kulaumiwa. Lakini wazee hawakukingoja kiangazi kifike ndipo washike jembe. Mfongo ulitengenezwa mvua zilipokoma, maji yangali mengi na watu wangali na shibe. Chama kilijengwa mikahawa ilipokuwa bado michanga. Tukingoja mpaka koo likauke ndipo tukumbuke msitu, jirani na akiba, tutakuwa tumechelewa. Kila kijiji kina mfongo wake unaohitaji mikono. Na wakati wa kuuzibua ndio huu, maji yangali yakipita.