Kelele za Moyo Uliovunjika: Melodrama na Mapenzi ya Vijana katika Filamu ya Splendor in the Grass

Tunaposahihisha kazi za wanafunzi wa tamthilia, sisi walimu tuna maneno mawili tunayoyaandika haraka kuliko yote: 'anatia chumvi'. Mwigizaji akilia kwa sauti, akijitupa chini au akishika kichwa kwa mikono miwili, alama zinapungua. Neno melodrama lenyewe tumelifanya tusi la kiungwana. Katika makala haya tunakusudia kuihoji desturi hiyo kwa kuangalia filamu moja ya Kimarekani, Splendor in the Grass, iliyotoka mwaka 1961, ambayo inasimulia mapenzi yaliyovunjika ya wanafunzi wawili wa sekondari. Kila tunapoionyesha darasani, swali linalozuka ni lilelile: je, uigizaji ule wa kupiga mayowe unaifaa hadithi ya mapenzi ya vijana, au unaiharibu? Maoni yetu ni kwamba unaifaa, tena kwa sababu ya kilugha. Ili hoja hiyo ieleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Neno melodrama limeungwa kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wimbo na neno la Kifaransa lenye maana ya mchezo wa kuigiza. Mwaka 1800 mwandishi Guilbert de Pixérécourt alitoa jijini Paris mchezo ulioitwa Coelina, ambao wanahistoria wengi wa tamthilia huuhesabu kuwa mwanzo wa utanzu huu. Jambo moja katika mchezo huo halitajwi sana darasani, nalo ni kwamba mmoja wa wahusika wake wakuu, Francisque, ni bubu. Anaijua siri ambayo mchezo mzima unaizunguka, lakini hawezi kuisema. Anaieleza kwa mikono, kwa uso, na muziki unamsaidia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1802, Thomas Holcroft aliupeleka mchezo huo London kwa jina la A Tale of Mystery, na yule bubu akaenda nao.

Hali ya London ilikuwa na mambo yake pia. Sheria ya mwaka 1737 ilikuwa imezipa kumbi chache tu, hasa Drury Lane na Covent Garden, haki ya kuonyesha tamthilia za mazungumzo. Kumbi nyingine zote zilipaswa kutafuta njia ya kusimulia bila kuzungumza kama kumbi hizo kubwa zilivyozungumza: kwa nyimbo, kwa ngoma, kwa ishara pana ambazo hata mtu wa kiti cha nyuma angeziona. Zuio hilo halikuondolewa hadi mwaka 1843. Kwa hiyo zile ishara tunazozicheka leo zilikomazwa na waigizaji walionyimwa maneno, na mara nyingi ziliwasemea wahusika walionyimwa maneno. Hatudai kwamba hiyo ndiyo historia yote ya melodrama, maana fedha na ladha ya umma zilikuwa na nguvu zake, lakini ndiyo sehemu inayotuhusu zaidi sisi watu wa lugha. (Waliokulia karibu na vibanda vya video vya Kampala wataelewa upesi. Mfasiri anapozungumza Kiluganda juu ya sauti za waigizaji, kinachobaki kwa mwigizaji ni mwili wake tu, na bado watazamaji hulia mahali pa kulia.)

Sasa tuje kwenye filamu yenyewe. Iliongozwa na Elia Kazan, na hadithi iliandikwa na William Inge, mzaliwa wa Kansas mwaka 1913, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kupata umaarufu kwa tamthilia zake. Kazi hii ilimpatia tuzo ya Oscar ya uandishi, na yeye mwenyewe anaonekana kwenye filamu kwa muda mfupi akiwa mhubiri. Tuko Kansas, mwaka 1928. Deanie Loomis, anayeigizwa na Natalie Wood, ni binti wa familia ya duka. Bud Stamper, anayeigizwa na Warren Beatty katika filamu yake ya kwanza, ni mwana wa tajiri wa visima vya mafuta. Wanapendana. Wanataka kuoana. Baba yake Bud anamtaka kwanza amalize chuo cha Yale, na kuhusu tamaa za mwili anamshauri atafute wasichana wa 'aina nyingine'. Bud anamwacha Deanie, Deanie anavunjika, anajaribu kujitosa kwenye maji, na hatimaye anapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili huko Wichita.

Kisa ni hicho tu. Kinachokifanya kizito ni namna watu wazima wanavyozungumza na watoto wao, na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokuwa nyumbani. Filamu hii imejaa tafsida. Deanie anamuuliza mama yake kama naye aliwahi kuona hisia kama zile kwa baba. Mama anajibu kwamba mwanamke mwema haoni mambo kama hayo, huvumilia tu kwa kuwa ni wajibu wa ndoa. Bud anakwenda kwa daktari wa mji kuomba ushauri, na daktari anababaika kuliko mgonjwa. Mama anapotaka kujua kama binti yake bado ni bikira, anatumia neno ambalo kwa Kiswahili tungesema 'kuharibiwa', kama vile tunavyosema embe limeharibika. Katika mji mzima hakuna mtu hata mmoja anayempa msichana huyu msamiati wa jambo linalomsibu. Kwa Waganda angekuwa na ssenga, shangazi wa upande wa baba; pwani angekuwa na kungwi au somo. Hatusemi kwamba mafundisho hayo yote yalikuwa mema kwa kila msichana, wala kwamba kila msichana anayapata leo. Tunasema tu kwamba yalikuwa na maneno.

Ndipo tunafika kwenye onyesho la bafuni, lile ambalo wanafunzi hulicheka. Deanie yuko ndani ya maji ya moto. Mama anaingia, anauliza swali lake kuhusu 'kuharibiwa', na binti analipuka. Anacheka na kulia kwa pamoja, anazamisha kichwa, anapiga mayowe kwamba hajaharibiwa, kwamba yeye ni mtoto mzuri, mtiifu, kisha anatoka majini mbio. Ukilitazama kwa kipimo cha uhalisia wa kawaida, utasema Wood amezidisha. Lakini tusikilize anachokisema. Hasemi kwamba anampenda Bud. Hasemi kwamba ameumia. Analichukua neno lilelile la mama yake, kwa kuwa hana jingine, na kulirudisha kwa sauti ambayo neno lenyewe halikuumbwa kuibeba. Mayowe yanaanzia pale lugha aliyopewa inapomwishia. Angeigiza kwa utulivu, kwa machozi mawili ya heshima, angekuwa mtu mzima aliyeikubali tafsida ya mama yake, na tusingejua kwa nini msichana huyu atafikishwa Wichita.

Wapo watakaosema kwamba Kazan, wa watu wote, asingetaka melodrama. Yeye alikuwa mmoja wa walioanzisha Actors Studio jijini New York mwaka 1947, nyumba iliyojulikana kwa uigizaji wa ndani, wa kunong'ona na kusitasita. Ni kweli. Lakini Natalie Wood hakutoka huko. Alikuwa amekulia kwenye studio za Hollywood tangu utotoni, na alikuwa amezoea kamera inayotaka hisia zionekane. Tunadiriki kusema kwamba nguvu ya filamu imetokana na kukutana kwa malezi hayo mawili: mbinu ya ndani inampa sababu ya kulia, na malezi ya Hollywood yanampa ujasiri wa kulia bila aibu. Beatty, kwa upande wake, anaigiza kwa kuinamisha kichwa na kumeza maneno, na mara nyingine amemeza mno. Hata hivyo unyamavu wake na mayowe ya Wood ni ugonjwa mmoja.

Mahali tusipoitetea filamu ni kwa wakubwa na kwa dada yake Bud, Ginny. Baba yao, Ace Stamper, anafoka tangu mwanzo hadi mwisho. Huyu ni mtu mwenye fedha, mwenye sauti mjini, hakuna anayemkatiza. Kelele zake hazizibi pengo lolote la maneno, na baada ya nusu saa zinachosha. Ginny naye amepewa masaibu yaliyolundikwa, ulevi, karamu ya mwaka mpya, kudhalilishwa na wanaume, mpaka mtazamaji anahisi mkono wa mwandishi ukimsukuma. Hapo chumvi imezidi kweli, na tunapenda wanafunzi waione tofauti hiyo.

Kuna onyesho jingine, ambalo kwetu walimu ni la kuumiza zaidi ya lile la bafuni. Deanie yuko darasani, kila mtu anajua kwamba Bud amemwacha. Mwalimu wa fasihi anamwita asimame asome mistari ya utenzi wa Wordsworth, uliochapishwa mwaka 1807, mistari ambayo filamu imepata jina lake humo, kisha anamtaka aeleze mshairi alimaanisha nini. Swali la kawaida, tunaliuliza kila juma. Deanie anaanza vizuri, kama mwanafunzi mwema: vijana huwa na ndoto, kisha wanakua, kisha inabidi... Na sauti inakatika. Anaomba ruhusa, anatoka akilia. Tunawauliza wanafunzi kama hapa pia ametia chumvi, na kwa kawaida darasa hunyamaza.

Mwisho wa filamu ni miaka kadhaa baadaye. Soko la hisa limeanguka mwaka 1929 na Ace amejiua. Wazazi wa Deanie walinusurika kwa kuwa walikuwa wameuza hisa zao kulipia matibabu yake. Deanie anatoka hospitali, ana mchumba, anavaa nguo nyeupe na kwenda kumwona Bud shambani. Anamkuta na mke, Angelina, na mtoto mdogo sakafuni. Wood haigizi kwa mwili tena. Anambeba mtoto, anatabasamu, anazungumza na Bud kwa sentensi fupi na timilifu kuhusu furaha, jambo ambalo wote wawili wanakiri hawalifikirii sana siku hizi. Hakuna anayepaza sauti. Kisha anapanda gari na rafiki zake, na tunaisikia sauti yake ikisoma ile mistari ya darasani hadi mwisho bila kukatika. Safari hii hakuna mwalimu anayemtaka aifafanue.