Mwalimu wa Chombo
Kila nikipita Bandari ya Zamani, huku Mji wa Kale, hunijia neno mwalimu. Limetoka Kiarabu, muallim, na kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi huyo ndiye mjuzi wa nyota anayeongoza jahazi, si wa chaki na ubao.

Mnamo mwaka 1490 hivi, Ahmad ibn Majid wa Julfar aliwaandikia watu wa kazi hiyo kitabu, Kitab al-Fawaid. Nyota zimejaa humo, lakini mimi napenda zile nasaha: kagua chombo kingali nchi kavu, usikipakie kupita kiasi, lala kidogo, jua siku za msimu. Ukikosea, watu wanazama.

Shuleni tuliambiwa eti ndiye aliyempeleka Vasco da Gama hadi India. Wanahistoria wengi siku hizi wanalikataa hilo. Mimi nawafikiria zaidi walimu wasio na jina, waliochukuliwa Msumbiji. Aprili 1498, meli za Wareno zilipojaribu kuingia bandari ya Mombasa, wakajitosa majini. Ujuzi wao ukaenda nao. Ikabidi Da Gama aende Malindi kutafuta mwalimu mwingine.