Brusela na koti lake: kutoka Malta hadi Moshi

Ukishikwa na homa Holili, jirani atakuambia ni malaria. Hata hospitalini ilikuwa hivyo hivyo. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, Moshi. 528 waliambiwa ni malaria. Waliokuwa nayo kweli? 14 tu. Vipimo vilionyesha wengine 16 wana brusela, ugonjwa ambao wafugaji wanauita wa kutupa mimba, maana ndivyo unavyowafanya ng'ombe na mbuzi.

Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza (ndiye huyo aliyekuja Uganda baadaye kuchunguza malale), alimkuta bakteria huyu kwenye wengu za askari waliofia Malta. Ikachukua miaka 18 kujua anatoka wapi, hadi Themistocles Zammit alipowapima mbuzi. Na mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa! Maziwa yao yalipopigwa marufuku kambini mwaka 1906, homa ikashuka haraka.

Sasa, anajifichaje? Angalia utando wake wa nje. Bakteria wengi wenye utando wa aina hii wamevaa mafuta yaliyoungana na sukari, na mwili wako unayatambua upesi: kengele inalia, seli nyeupe zinakimbilia. Mafuta ya brusela yana mikia mirefu kuliko kawaida, kwa hiyo vipokezi vyetu vinayashika kwa shida. Juu yake kuna mnyororo wa sukari unaomkinga na protini za damu zinazotoboa bakteria. Seli nyeupe zinammeza, ndiyo, ila wengine hawafi. Wanazaliana humo humo. Mgonjwa anabaki na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma.

Koti hilo ndilo lililowasumbua watengeneza chanjo. Mwaka 1923 John Buck alipata bakteria kutoka maziwa ya ng'ombe wa Jersey, akamwacha maabara zaidi ya mwaka kwenye joto la kawaida, na kumbe ukali ukapungua. Ndiyo chanjo ya S19. Lakini bado ana mnyororo wake, basi ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa kwenye kipimo cha Rose Bengal, ambacho kinatafuta kingamwili za mnyororo huo huo.

Baadaye ikaja RB51, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1996. Hii imevuliwa mnyororo, na ng'ombe aliyechanjwa hachanganyi tena majibu. Safi kwa mfugaji. Kwa binadamu, mimi naona hapo ndipo pagumu: watafiti waliipata RB51 kwa kuikuza kwenye rifampisini, kwa hiyo dawa hiyo, mojawapo ya tunazotegemea kutibu brusela, haiigusi. Na mtu akiambukizwa nayo kupitia maziwa mabichi, Rose Bengal itasema hana kitu. Daktari hawezi kuijua kwa kipimo hicho. Inabidi umwambie mwenyewe maziwa uliyokunywa, na aikuze damu yako maabara.