Njia za kupata huduma za serikali na jinsi ya kuzichagua

KWA miaka mingi, Mkenya aliyehitaji stakabadhi ya serikali alikuwa na njia moja tu: kufunga safari hadi ofisi ya idara inayohusika. Leo njia ni kadhaa, na anayekosea katika uchaguzi hulipa kwa nauli na siku za kazi.

Ya kwanza ni ofisi ya chifu na naibu wake. Hapo hakutolewi pasipoti, lakini ndipo mkazi anapojulikana. Kwa mfano, kifo kinapotokea nyumbani, naibu wa chifu ndiye hupashwa habari ili kibali cha mazishi kipatikane.

Ya pili ni vituo vya Huduma, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa jijini Nairobi mnamo Novemba 2013. Idara nyingi hukaa humo chini ya paa moja. Njia hii humfaa mwenye mambo kadhaa ya kushughulikia, au aliye na tatizo linalohitaji maelezo ya ana kwa ana.

Ya tatu ni mtandao wa eCitizen, ulioanza mwaka wa 2014. Mtandao huu umepunguza safari bila kuzimaliza. Anayeomba pasipoti hujaza fomu na kulipa mtandaoni, kisha hulazimika kufika mwenyewe ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Aidha, Julai 2023, mashambulizi ya wadukuzi yalivuruga huduma zake, jambo lililoonyesha hatari ya kungoja hadi siku ya mwisho.

Wasio na simu ya kisasa au wasioyazoea mambo hayo hukimbilia mikahawa ya intaneti. Hapa tahadhari yahitajika. Mhudumu akifungua akaunti kwa nambari yake ya simu au baruapepe yake, ujumbe wote kuhusu ombi humfikia yeye, naye mwenye ombi hubaki mgeni katika akaunti yake. Ni heri kutumia nambari yako, kuweka nenosiri mwenyewe na kuondoka na nakala ya risiti.

Njia yoyote itakayochaguliwa, haki haibadiliki. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinataka hatua za kiutawala zichukuliwe upesi na kwa haki, na aliyeathiriwa na uamuzi wa afisa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.